Nilivyolinganisha ABS, PBT na POM kwa ncha ya kidole

Wengi wanaolinganisha kofia za vitufe, yaani vipande vya plastiki (ABS, PBT au POM) ambavyo kidole hugusa kwenye kibodi, hulinganisha kibodi mbili nzima, na hapo ndipo wanapopotea. Mtu anagusa kibodi yenye kofia za ABS, anahamia kwenye ya pili yenye PBT, kisha anatangaza kwamba PBT ni nzito na ina sauti nene. Lakini swichi za kibodi hizo, yaani vifaa vinavyobonyezwa chini ya kofia, si sawa, bamba linaloshika swichi si sawa, kimo cha kofia si sawa, na huenda kuta za kofia moja ni nene kuliko za mwenzake. Alichokihisi ni mchanganyiko wa yote hayo, na plastiki yenyewe pengine imechangia kidogo tu. Nilichofanya mimi ni kuacha kila kitu kama kilivyo, nikawa nabadilisha plastiki peke yake.

Kofia nilizotumia zote zina umbo liitwalo Cherry, yaani kimo na mteremko wa mtindo mmoja, zote ni za safu ya A hadi L, na ukuta wake ni milimita 1.4 hadi 1.5. Ukuta hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kwenye ukingo wa chini, katikati ya ubavu. Usipime pembeni, kwa maana pembe huwa nene zaidi na zitakudanganya. Kofia yenye ukuta wa milimita 1.0 niliiweka kando hata kama plastiki yake ndiyo niliyoitaka. Nusu milimita ya unene hubadilisha sauti na uzito kuliko kuhama kutoka ABS kwenda PBT, na hilo utalithibitisha ukishika ABS nyembamba na ABS nene pamoja, kila moja mkono wake.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha plastiki ni ile iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua maji mililita 250, koroga humo chumvi gramu 60 mpaka iyeyuke yote. Maji hayo sasa ni mazito kuliko ABS, ambayo uzito wake ni kama gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo, lakini ni mepesi kuliko PBT (1.31), POM (1.41) na plastiki nyingine ya kofia, polikaboneti (1.20). Zamisha kofia ikiwa mdomo juu, iguseguse kwa kijiti ili mapovu ya hewa yatoke kwenye tundu la msalaba, lile la ndani linaloshika swichi, kisha iachie. ABS itapanda juu, nyingine zitakaa chini. Povu moja likibaki ndani ya tundu, hata PBT inaweza kuelea na ukaamini umeuziwa kitu kingine. Katika maji matupu jaribio hili halifai, kwa sababu ABS nayo huzama.

Asetoni pia inatofautisha. Tone moja kwa kijiti cha pamba, ndani ya kofia mahali pasipoonekana: ABS hulainika na kunata papo hapo, PBT na POM hazijali. Usijaribu kabisa kuchoma kipande ili unuse moshi. POM ikiungua hutoa fomaldehaidi, nayo ni sumu.

Kofia mpya zioshe zote kabla ya kulinganisha. Mara nyingi hubaki na utando wa dawa inayowekwa kwenye kalibu ili plastiki itoke bila kung'ang'ania, na utando huo huteleza. Tumia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, loweka dakika 20, suuza, kung'uta, kisha acha zikauke saa 24. Maji hujificha kwenye tundu la msalaba, na ukiharakisha yatashukia ndani ya swichi. Nawa mikono pia, uikaushe vizuri. Losheni iliyopakwa muda mfupi kabla inaharibu kipimo chote.

Sasa mahali pa kuziweka. Vitufe vya F na J havifai, kwa kuwa kofia zake zina kinundu. Mimi hutumia G na H. Vyote viwili vinapigwa na vidole vya shahada, viko safu moja, na vimepakana katikati ya bamba, hivyo mlio wa boksi la kibodi haubadiliki sana kutoka kimoja hadi kingine. Weka ABS kwenye G na PBT kwenye H, andika maandishi ya kawaida kwa dakika kumi, kisha zibadilishane. Tofauti ikihama pamoja na kofia, hiyo ni ya plastiki. Ikibaki palepale, basi ni swichi au ni kidole chako, na hapo badilisha swichi mojawapo uanze upya. Hatua hii ya kubadilishana wengi huiruka, na bila hiyo kipimo hakina maana.

Nianze na ABS. Ni laini, ina joto fulani mguso wa kwanza, na kidole kinaishika bila kukwaruzwa. Ikiwa mpya uso wake una chengachenga ndogo sana zinazokifanya kidole kijue kimefika. Tatizo lake ni kung'aa. Wengi husema ni mafuta ya ngozi yamejaa juu, wanafuta, mng'ao unarudi. Mafuta hayo yanafutika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, lakini mng'ao wenyewe ni uso uliosuguliwa: zile chengachenga zimelazwa na vidole, na hakuna sabuni itakayozirudisha. Iinamishe kofia chini ya taa uone: katikati, pale kidole kinapotua, pana duara linaloakisi mwanga, na kingo bado zimefifia. Kwenye kitufe cha nafasi duara hilo huwa mstari upande mmoja tu, upande wa gumba unalolitumia. Uso huo uliong'aa ndio unaofanya ABS iliyozeeka inate kidole chenye jasho, maana ngozi yenye unyevu hugandamana na uso laini. ABS nyeupe pia hugeuka manjano ikikaa kwenye jua.

PBT inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu inasifiwa kwa jambo ambalo si lake. Watu husema PBT ina mparuzo. Igeuze kofia ya PBT juu chini, pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, kisha fanya hivyohivyo kwa ABS. Ndani, tofauti inapungua mno. Mparuzo wa juu unatokana na kalibu: chuma chake kimefanywa kiwe na chengachenga, na plastiki imenakili uso huo. Ninazo PBT mbili zenye unene uleule, moja inaparuza kama msasa laini mno, nyingine ni karibu laini. Kilicho cha PBT yenyewe ni uwezo wa kuutunza mparuzo huo kwa muda mrefu, kwa kuwa ni ngumu zaidi dhidi ya msuguano na haishambuliwi na mafuta ya ngozi wala spiriti. Nayo hung'aa hatimaye, ila inachukua muda mrefu zaidi, na huanzia kwenye herufi zinazopigwa sana kama A na I. Kwa hiyo ukiulizia kofia za PBT, ulizia pia uso wake. Neno PBT peke yake halitoshi.

Mguso wake ni mkavu. Kidole kinatua na kubaki kilipotua, hakiserereki. Kwa anayeandika kurasa nyingi kwa siku mimi naiweka mbele ya zote, mradi mparuzo usiwe mkali. Ukizidi, ncha za vidole huanza kuhisi moto baada ya saa kadhaa, na mwenye kucha ndefu atasikia mkwaruzo kila anapovuta kidole kutoka kitufe hadi kitufe.

POM ni ulimwengu mwingine. Ndiyo plastiki inayotengenezewa gia ndogo na mashina ya swichi nyingi, kwa sababu hujiteleza yenyewe bila mafuta. Iguse ikiwa imetulia mezani: ni ya baridi kuliko ABS, kwa vile inachukua joto la kidole haraka zaidi. Uso wake una utelezi wa sabuni kavu. Cha kushangaza ni kwamba kidole chenye jasho hakinati juu yake jinsi kinavyonata kwenye ABS iliyong'aa, kinapita tu. Kidole kikavu sana ndicho kinachopata shida, kwani huteleza hadi ukingoni na kugonga kitufe cha jirani, hasa kofia zikiwa na bonde dogo juu. Kama mikono yako hutoa jasho, usiiache POM bila kuijaribu. Kama ngozi yako ni kavu, chagua kofia yenye bonde la kina, au usiitumie kwenye herufi.

Polikaboneti sina mengi ya kuisemea. Ni ngumu, huonyesha alama za vidole, na wengi huichagua kwa ajili ya taa zinazopenya. Kidoleni inafanana na ABS iliyokwisha kung'aa.

Kuhusu sauti, unene ukiwa sawa, masikio yangu yanazipanga hivi: ABS ina mlio wa juu kidogo, PBT umeshuka na ni mkavu, POM umezibwa zaidi. Tofauti hizo ni ndogo. Niliporudisha kofia za milimita 1.0 zilizimeza zote, kwani nyembamba za plastiki yoyote zilitoa mlio mwembamba, wa kitu kitupu.

Namna herufi zilivyowekwa nayo inagusa kidole. Herufi za plastiki mbili, moja imemiminwa ndani ya nyingine, hazifutiki maana zimepenya unene wote, na kidole hakizihisi ikiwa kazi ni nzuri. Rangi iliyopenyezwa kwa joto kwenye PBT nayo haihisiki, lakini huwa nyeusi kuliko kofia yenyewe, haiwezi kuwa nyeupe juu ya kofia nyeusi. ABS haifai kwa kazi hiyo, joto linalohitajika huipinda. Herufi zilizochapwa juu zinahisika kama ngozi nyembamba, na hizo hufutika mapema, plastiki iwe ipi.

Sasa yanayoharibika. PBT na POM husinyaa zikipoa ndani ya kalibu kuliko ABS: ABS kwa kiasi cha nusu asilimia, hizo mbili kwa asilimia 1.5 hadi 2. Kwenye kofia ndogo hilo halionekani. Kwenye kitufe cha nafasi, chenye urefu wa karibu milimita 118, linaonekana. Kilaze juu ya kioo, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati au ncha zikichezacheza, kimepinda. Kikipinda zaidi ya nusu milimita, waya wa stabilaiza, kifaa kinachokisawazisha kitufe kirefu, unabanwa, na kitufe kinarudi kwa uvivu au kinakwama upande mmoja. Watu hulaumu stabilaiza na kuipaka grisi bure. Cha PBT kinanyoshwa: kiweke kwenye maji ya nyuzijoto 80 kwa dakika moja hadi mbili, kitoe kwa kibano, kikunje kidogo kuelekea upande wa pili, kiasi cha kupitiliza unyofu kwa milimita moja, kisha kishike hivyo ndani ya maji baridi mpaka kipoe kabisa. Ukikiachia kikiwa vuguvugu kitarudi kwenye upinde wake. Rudia mara mbili au tatu, ukipima kwenye kioo kila mara.

Usinyaaji huohuo ndio unaofanya tundu la msalaba libane au lilegee. Likibana, usisukume kwa nguvu. Na wakati wa kutoa, tumia kivutio cha waya, ukiuingiza kwenye pembe mbili zinazokabiliana, uvute wima huku ukiyumbisha kidogo. Kile cha pete ya plastiki huchubua mbavu za kofia, na kofia iliyobana ikivutwa kwa mshazari inaweza kuondoka na kifuniko cha swichi pamoja na springi. Likilegea, kata kipande cha karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula, kiweke juu ya msalaba wa swichi, bonyeza kofia, kisha nyofoa kinachojitokeza. Usitumie gundi. Kwenye POM haishiki vizuri, kwenye nyingine haitoki tena.

Mwishowe kibodi yangu haikubaki na plastiki moja. Herufi zote ni PBT yenye mparuzo mdogo, kwa sababu pale nataka kidole kitue na kukaa. Kitufe cha nafasi ni POM, maana gumba halitui. Linapita kwa ubavu, na juu ya PBT ubavu huo wa gumba ulikuwa unachoka kabla ya vidole vingine. ABS nimeiacha kwenye safu ya juu kabisa, F1 hadi F12, ambako haiguswi vya kutosha kung'aa. Safu zina vimo tofauti, kwa hiyo ukichanganya hivi hakikisha kofia zote ni za umbo moja. Kitufe cha nafasi cha umbo jingine kitakaa juu au chini ya herufi kwa milimita moja au mbili, na gumba litalijua hilo kila neno.