Vyumba vya wageni Chumbageni: maji ya moto, uniti za LUKU na mengine niliyoyaweka sawa

Nilipoanza kupangisha vyumba viwili vya uani kwa wageni wa siku chache, kila mtu alinipa ushauri uleule: piga picha nzuri, funga AC, mengine watayaona wakifika. Ushauri huo ni mbaya na umewaharibia wengi hapa Tanga. Mgeni aliyelipa akiwa Nairobi au Munich hataki kuja kuona mambo akifika. Akiyaona, anaandika, na wanaofuata wanasoma kabla hawajalipa.

Kilichonisumbua zaidi mwanzoni ni sifa kugongana. Chumba kimoja, wiki moja, mgeni wa Jumatatu anasifu maji ya moto na kutoa nyota tano, mgeni wa Alhamisi anaandika kwamba shawa ni ya baridi na mwenye nyumba amedanganya. Majirani wakanituliza kwamba wageni wa nje wana makuu. Sikukubali. Watu wawili wakisema vitu viwili tofauti juu ya bomba lilelile, kuna kitu kinabadilika pale, na ni kazi ya mwenye nyumba kukitafuta.

Fundi wa kwanza aliitazama shawa ya umeme akasema koili imekufa. Tukabadilisha koili. Siku tatu baadaye malalamiko yakarudi. Akabadilisha tena, kisha akasema, "Mama, hizi shawa za siku hizi hazina kitu ndani, nunua nyingine." Nikanunua nyingine, ya bei juu kuliko ya kwanza, kama elfu tisini hivi. Ikawaka vizuri asubuhi, jioni ikatoa maji ya baridi. Hapo ndipo nikaacha kununua, nikachukua daftari. Kila siku nikaandika saa mgeni alipopata maji ya moto na saa alipoyakosa, na pembeni nikaandika maji ya tanki yako wapi. Tanki ni la plastiki, lita 1,000, nikalichora alama kwa kalamu ya wino mzito kila sentimita 20. Kabla hata ya wiki kwisha, jibu lilikuwa kwenye daftari: tanki likiwa limejaa, shawa inapasha, likishuka chini ya nusu, inagoma.

Sababu yake ni hii. Ndani ya shawa hizi kuna kiwambo cha mpira. Maji yakikisukuma kwa nguvu ya kutosha, ndipo vidole vya shaba vinagusana na umeme unapita kwenye koili. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei na umeme haupiti, hata shawa iwe mpya namna gani. Maji yanayoshuka kwa uzito wake hupata presha ya bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Shawa yangu ilitaka angalau kPa 10, yaani mita 1 ya maji juu ya kichwa chake. Stendi yangu ya tanki ilikuwa mita 2.5, shawa imefungwa mita 2 kutoka sakafuni, na maji ya tanki lililojaa yana kina cha kama mita 1.1. Piga hesabu: likijaa napata mita 1.6, likifika nusu nabaki na mita 1 na kidogo, na hapo bomba na kona zake hazijala sehemu yao. Kwetu maji ya bomba huwa na nguvu usiku, kwa hiyo tanki linajaa usiku. Anayeoga alfajiri anasifu, anayeoga jioni baada ya wenzake kuoga na kufua analalamika. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nikashauriwa kufunga pampu ya kuongeza presha, ya nusu hosipawa. Usikimbilie huko. Inafanya kazi, lakini ina kiswichi kinachoiwasha presha ikishuka, na tanki la choo likivuja hata kwa matone tu, pampu inawaka kila baada ya dakika chache usiku kucha, ukutani kwa mgeni. Nilibadilisha vali ya choo, ikatulia, kisha umeme ukakatika na mgeni akabaki na povu kichwani. Pampu nikaiuza.

Dawa ilikuwa kupandisha tanki. Stendi mpya ni mita 4, ya vyuma vya angle vya inchi 2, miguu minne iliyosimama juu ya misingi ya zege, kwa sababu tanki lililojaa ni zaidi ya tani moja, na mchanga wa Pwani hauna subira. Juu niliweka ubao mzito uliokaa kote chini ya tanki. Ukiacha vyuma viwili vitatu tu, plastiki inabonyea na kupasuka kitako. Vyuma vilipigwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kusimamishwa, na kila mwaka nakwangua na kupaka tena, maana upepo wa bahari hauchagui. Sasa hata tanki likibaki na maji kidogo nina karibu mita 2, likijaa mita 3 na ushee.

Lakini ingekuwa bure kama ningeacha bomba la nusu inchi lililokuwepo, lenye kona saba. Nililing'oa lote. Kutoka tanki hadi ukutani ni inchi moja, ukutani hadi bafuni robo tatu, na nusu inchi ni ile sentimita 40 ya mwisho tu. Kona nikazipunguza zikawa tatu. Kazi hii ya mabomba, ambayo fundi alitaka kuiruka, ndiyo iliyoleta tofauti mgeni anayoisikia kwenye bega. Kichwa cha shawa nacho kila mwezi nakilaza usiku kucha kwenye maji ya ndimu au siki, maana chokaa huziba vitundu na kuirudisha shida ileile kwa mlango mwingine. Anayetumia maji ya kisima afanye hivyo kila wiki mbili.

Upande wa umeme sikubali mzaha. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampea 24. Waya wa milimita 2.5 unaotumika kwa soketi unachemka pole pole hadi swichi inayeyuka. Yangu imevutwa kwa waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye breka yake ya ampea 32, na waya wa ardhini uliofika kwenye fimbo iliyozikwa kweli. Fundi akikwambia ardhi si lazima kwa sababu shawa ni ya plastiki, msindikize hadi getini.

Niongeze kwamba wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, shawa hii naizima kabisa kwenye breka. Tanki jeusi juani linatoa maji ya moto lenyewe, na wapo wanaoniuliza wapate wapi ya baridi. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ndipo inahitajika, asubuhi hasa. Wageni nawaandikia hivyo kabla hawajalipa.

Baada ya maji, ugomvi mkubwa ni umeme wa LUKU. Mgeni wa nje hajui kwamba umeme unanunuliwa kabla, na usiku wa manane nyumba ikizima anadhani umekatwa au umemfungia. Nilianza kwa kusema umeme ni juu yangu. Kosa. AC ya BTU 12,000 iliyowekwa nyuzi 25, dirisha limefungwa, inakula uniti 5 hadi 7 kwa usiku. Ikiwekwa 16 na mlango wa uani wazi, inapita 10 na chumba hakipoi. Kwa shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti, ukaaji wa wiki unaweza kumeza faida nzima. Sasa bei yangu ina uniti 6 kwa usiku ndani yake, nimeandika hivyo, na za ziada mgeni analipa kwa bei ya kununulia bila kuongeza hata senti. Siku ya kuingia tunasimama pamoja mbele ya mita, anaipiga picha kwa simu yake mwenyewe. Hiyo picha imemaliza ubishi kuliko mkataba wowote.

Kuna jambo moja wapangishaji wengi hawalielezi. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Mgeni akinunua ya elfu tano tarehe 1 anapata uniti chache kuliko alizopata tarehe 28, naye anahisi kuibiwa. Nunua mwenyewe ile ya kwanza ya mwezi. Na tokeni ni tarakimu 20: mwandikie nne nne kwenye karatasi, usimtumie mstari mrefu mmoja akosee mara tatu gizani.

Kuhusu kufika. Basi kutoka Dar linamshusha stendi ya Kange, anayetoka Mombasa anapita mpaka wa Horohoro, na wote wanahitaji kufika Chumbageni bila kuzungushwa. Pini ya kwenye ramani ilikuwa inaangukia mtaa wa pili. Nikasimama getini na simu, nikaisahihisha. Kibao cha namba ya nyumba kipo, lakini dereva wa bajaji anakwenda kwa alama. Hivyo kila mgeni namtumia maneno haya amwonyeshe dereva: "Kaka, habari za kazi. Mlete mgeni wangu Chumbageni. Ukifika kwenye mwembe mkubwa mkabala na duka la dawa, kata kushoto, geti la kijani. Nauli tumeshakubaliana naye, ukipotea nipigie." Hilo la nauli ndilo lenye thamani. Mgeni anaambiwa mapema nauli ya kawaida ni kiasi gani, na dereva anajua kwamba mwenyeji anajua.

Saa nazo ziandike namna mbili. Niliwahi kuandika kwamba chumba kinakuwa tayari saa nane, na mgeni aliyekuwa akijifunza Kiswahili akazurura mjini hadi saa mbili usiku. Tangu hapo naandika saa nane mchana, 14:00. Kopi ya ukurasa wa picha wa pasipoti na ya viza naichukua palepale anapoingia na kuipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Mgeni nimwambie kabla, asiniulize kwa nini.

Chandarua watu wanakosea sana. Kile cha duara kinachoning'inia kwa ndoano moja kinapendeza kwenye picha, lakini kinamgusa mgeni mkono na goti, na mbu anauma kupitia matundu. Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, funga cha pembe nne cha 6 kwa 6 kwenye fremu, kichomekwe chini ya godoro pande zote kabla ya magharibi. Milango tunafunga saa kumi na mbili jioni, hata kama joto lipo.

Soketi zetu ni za pini tatu bapa. Wageni wa Ulaya wanakuja na pini mbili za duara, na wapo wanaochokoa tundu la juu kwa kalamu ili zingie. Naweka adapta mbili kila chumba, elfu tatu tatu pale mjini, na ikipotea moja sidai.

Yale yanayokera nayataja ya kwanza kabisa kwenye maelezo, juu ya picha: adhana alfajiri kutoka msikiti wa jirani, muziki wa harusi mwisho wa wiki, mchana wa Ramadhani migahawa mingi imefungwa, mvua kubwa ikipiga milimani maji ya bomba huja na rangi ya udongo kwa sababu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Niliambiwa nitafukuza wateja. Wamepungua kweli, wale waliokuwa wanakuja kulalamika. Waliobaki wanakuja wamejiandaa, na mmoja aliniandikia kwamba adhana ndiyo iliyomwamsha akawahi kuona jua likichomoza Raskazone. Nyuma ya mlango natundika kanga mbili safi. Mgeni anayevuka mtaa kwenda kuogelea anajifunga, wazee wanaitikia salamu yake, na siku yake inakwenda vizuri.

Kufuli la chuma hapa halimalizi mwaka. Nunua la shaba, na usitie mafuta ya kupikia, yananasa mchanga. Sugua ncha ya penseli kwenye ufunguo, uingize na kuzungusha mara kumi.

Siku ya kuondoka mabasi ya mapema yanatoka kabla mimi sijamaliza kuandaa chai. Bajaji naiita usiku wake, na mita tunaisoma usiku huohuo, tunalinganisha na picha yake ya siku ya kwanza. Zikibaki uniti katika zile zake, namrudishia fedha yake taslimu mkononi kabla hajalala. Asubuhi anavuta geti tu, ufunguo anauacha kwenye chungu cha mpilipili karibu na stendi ya tanki.