Kutoka "Shusha!" hadi "Lok Toi"

Nilipomaliza shughuli za mzigo Guangzhou nilivuka hadi Hong Kong kumwona dada mmoja wa Tanga anayesoma huko. Tulipanda basi dogo jekundu Mong Kok. Anayetaka kushuka hupaza sauti kwa Kikantoni, lugha ya huko, "Yau lok!", yaani yupo wa kushuka. Dereva hunyanyua mkono kuonyesha kasikia. Nikakumbuka "Shusha!" ya daladala zetu.

"Kaka, hilo lok lishike," akaniambia. "Mvua ikinyesha ni lok yu. Na mkubwa akiondoka madarakani ni lok toi, kashuka jukwaani."

Magazeti yetu husema fulani ameachia ngazi, au amebwaga manyanga, na manyanga ni ya ngomani. Nilifurahi mno kuona Wakantoni nao wanamweka mkubwa mahali pa kuchezea, penye watazamaji.

Kesho yake tulitembea kutoka Victoria Park hadi Central, njia waliyopita watu wapatao nusu milioni tarehe 1 Julai 2003 kupinga muswada wa usalama wa taifa. Wengi walimtaka kiongozi wao, Tung Chee-hwa, lok toi. Alijiuzulu Machi 2005 akitaja afya yake, na mitaani likabaki neno goek tung, maumivu ya mguu, la kumtania mkubwa anayeondoka kwa sababu kama hiyo.

Jioni wenyeji wake walicheza mahjong, mchezo wa kete wa Kichina. Anayeshika zamu ya kuongoza mchezo ndiye jong. Zamu ikimtoka ni lok jong. Wanafunzi wa vyuo nao wamelichukua: viongozi wa chama wakiingia ni seung jong, kupanda, na muda wao ukiisha ni lok jong. Kuondoka kumo ndani ya neno tangu siku ya kwanza! Nikamsimulia dada habari za Mwalimu, kwamba mwaka 1985 alitoka kwa hiari na kutuachia kung'atuka, neno la Kizanaki, kwao Butiama.

Mezani wazee wawili wakabishana juu ya kete. Mmoja alikosea, kila mtu aliona, naye akakaza shingo.

"Lok m dou toi," dada akaninong'oneza. "Kakwama juu, hana pa kushukia."

Bibi mwenye nyumba hakusema nani kakosea. Alileta chai, akasema macho yamechoka, taa hii hafifu. Mzee akacheka, akarudisha kete.

"Umeona? Kamwekea toi gaai. Ngazi."