Hata Sasa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeumbuliwa, tena ndani ya kikundi chetu cha maombi.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kuongoza. Nikaanza na vita, nikaja kwenye njaa, nikaingia kwenye magonjwa, nikasema dunia haijawahi kuharibika kama leo. Kila nikiongeza ubaya, amina zinazidi, nami napanda. Tulipomaliza, mama mmoja mzee ambaye si msemaji akanishika mkono, asiuachie. "Mwanangu, umezika watoto wangapi?" Nikamjibu, sijazika. "Mimi watatu. Surua ilichukua wawili wiki moja, na yule wa pili hatukuwa na shuka nyingine ya kumfunika. Hizo siku nzuri unazozililia, mimi nilikuwepo."

Usiku huo sikulala. Nikafungua Mhubiri 7:10, pale tunapokatazwa kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, kwa maana si hekima inayouliza hivyo. Nimefundisha kitabu hicho mara kadhaa na mstari huo nimekuwa nikiuruka.

Mwaka 1990, duniani kote, mtoto 1 kati ya 11 alikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia 2022 ni 1 kati ya 27. Miaka 200 iliyopita ilikuwa karibu nusu ya watoto wote, na hata nyumba za matajiri hazikusalimika.

Sasa niseme na sisi waombaji, nikianza na nafsi yangu. Tumekuwa watu wa kulishwa habari mbaya. Mtu akileta ushuhuda wa jema tunamwona mwepesi, hana mzigo. Ugonjwa ukiingia tunaitana mkesha. Ukiondoka hakuna anayeitana hata kwa nusu saa. Ndui iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 300 katika karne ya 20 peke yake, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imetoweka duniani. Ni nani kati yetu amewahi kupiga goti kwa ajili ya hilo? Yesu alipowaponya wakoma kumi na mmoja tu akarudi kushukuru, aliuliza, wale kenda wako wapi? Wapendwa, kenda ni sisi! Na usiniambie hiyo ilikuwa kazi ya madaktari. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, na Maandiko hayaoni haya kuuita uponyaji wa Bwana. Anayenyima shukrani kwa sababu Mungu alitumia sindano anamdai Mungu aombe ruhusa kwake kwanza.

Najua kuna atakayesema, basi mambo yametengenea, tupumzike. Hapana. Samweli aliposimamisha lile jiwe akaliita Ebenezeri, alisema "Hata sasa BWANA ametusaidia", na Wafilisti walikuwa bado wapo. Yoshua naye alizeeka akiambiwa kwamba nchi iliyobaki kumilikiwa ni kubwa mno. Surua ile ile, ambayo chanjo yake ipo tangu miaka ya 1960, mwaka 2023 iliua watu zaidi ya 100,000, wengi wao watoto wadogo.

Kuna mtu ambaye habari zake zimenikalia tangu Alhamisi. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, ndiye wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, mwaka 1977. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwasihi wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia uoga wake bila kujificha. Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo, akashikwa na malaria, akafa. Ndui ilimwacha, malaria ikamchukua. Nimejaribu kuliombea jambo hilo na bado sijui nianze na asante au na kilio.

Jana nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Nikamwomba pia anitajie majina ya watoto wake wale watatu. Alitaja mawili haraka, kwenye la tatu akanyamaza kitambo, kisha akalitaja polepole. Nimeyaandika ndani ya jalada la Biblia yangu. Jumatano ijayo ataongoza yeye.