Tafakari ya wiki: Eliya aliachwa alale

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii sikulipata kwenye maombi, nililipata nimekaa chini kwenye mchanga wa Kibirizi, ufukwe wetu wa dagaa hapa Kigoma, naomba mnivumilie nieleze maana naamini sio mimi peke yangu ninayehangaika na hili jambo la usingizi, hasa sisi tunaoamshwa na watoto usiku halafu asubuhi kazi inatusubiri.

Wengi mnajua mimi ni mtu wa dagaa. Wavuvi wanaingia ziwani jioni, usiku kucha taa zao zinawaka kule majini, ukiziangalia kutoka huku juu Gungu utadhani kuna mji mwingine, alfajiri wanarudi na wewe ukichelewa na beseni lako unakuta mzigo mzuri ushachukuliwa. Kwa hiyo naamka saa tisa usiku. Napika uji naweka kwenye chupa, nanyoosha sare za hawa wawili wa shule, kitindamimba wangu ana mwaka na miezi minne bado ananyonya na usiku anaamka mara mbili mara tatu, ikifika saa kumi na nusu nipo kwenye boda na mtoto mgongoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nalala masaa manne, siku nyingine matatu, na nilikuwa naona ndo maisha, mama hachoki.

Sasa wataalamu wa afya wanasema mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kwa usiku, na mtoto wa umri kama wa huyu wangu anatakiwa apate 11 mpaka 14 ukijumlisha na ule wa mchana. Wanasema pia mtu akikaa macho masaa 17 mfululizo akili na mikono yake inakuwa kama ya mtu aliyeonja pombe. Mimi nilipiga hesabu nikaogopa. Ukiamka saa tisa usiku, masaa 17 yanatimia saa mbili usiku, na saa mbili mimi nilikuwa jikoni, mawese yapo motoni yanachemka, mtoto ameshika kitenge changu. Mwezi wa kumi kuna siku nilisinzia nimesimama na mwiko mkononi, niliposhtuka sufuria imeshaegemea pembeni ya jiko, mafuta yamemwagika pale sakafuni hatua moja tu kutoka kwenye miguu ya mtoto. Hatua moja wapendwa. Bado naiona ile rangi nyekundu kwenye simenti.

Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa naona ni dhambi. Kwenye mkesha mmoja mhubiri alisema anayesinzia kwenye maombi roho yake imelala, na mimi nilikuwa nimesinzia dakika hiyo hiyo, nikalia mpaka nyumbani. Nikaanza kujilazimisha, nikitoka jikoni naomba mpaka saa sita usiku, nasoma neno macho yanafunga narudia mstari mmoja mara tano, nikijua kabisa saa tisa naamka. Sikuwa nasikia chochote kutoka kwa Mungu kipindi hicho, nilikuwa nawakemea tu watoto asubuhi na baba yao jioni.

Ndo ikaja siku ya Kibirizi. Nilikuwa nimeanika mabeseni mawili, jua zuri, nikakaa kwenye kivuli cha kibanda nimnyonyeshe mtoto, nikawaza nipumzishe macho kidogo. Niliposhtuka mvua imeshanyesha na imekatika. Bati linadondosha matone, mchanga umelowa wote, moyo ukapasuka maana dagaa wakinyeshewa wamekwisha thamani, na mtoto mapajani hayupo. Kugeuka, naona dagaa wangu wamekusanywa wote wamefunikwa turubai, na mtoto yupo mgongoni kwa bibi mmoja wa Ujiji, Muislamu, tunaanikaga jirani miaka yote. Pembeni yangu kuna kikombe cha uji kimefunikwa na kisahani. Nikaanza kuomba samahani, shikamoo nimesahau hata kusema, yule bibi akaniambia, "Tulia mwanangu, tulikuona umechoka tukasema tusikuamshe. Kunywa uji kwanza."

Nilikunywa ule uji huku nalia. Na jioni nilipofungua 1 Wafalme 19 nilikuwa kama naisoma mara ya kwanza.

Mnamkumbuka nabii Eliya, ametoka mlima Karmeli ameshinda manabii wa Baali, malkia Yezebeli anamtafuta amuue, amekimbia jangwani amekaa chini ya mti anamwambia Mungu inatosha, nichukue nife. Mtumishi mkubwa kabisa. Sisi huku angepigiwa simu tano za kuambiwa funga, omba, usikubali roho ya kukata tamaa. Mungu hakufanya hivyo. Eliya amelala, malaika anamgusa, anamwambia inuka ule, kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Anakula. Halafu angalieni mstari wa sita, akalala tena! Na malaika hakumkemea. Amemwacha, amerudi mara ya pili amemgusa tena, inuka ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Hajamhubiria, hajamuuliza imani yako iko wapi. Lile swali, unafanya nini hapa Eliya, Mungu amekuja kuliuliza baadaye sana, kule mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini, mtu ameshakula ameshalala ana nguvu za kujibu.

Mimi nilisoma hapo nikafunga kitabu nikalala saa mbili na nusu. Yule mlinzi wa Israeli wa Zaburi 121 hasinzii wala halali, sasa kama yeye yupo macho mimi nakesha namlinda nani?

Ila nisiseme kama vile ni rahisi, maana usingizi sio muda tu. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu hakuna kwenda Kibirizi alfajiri, ungedhani ndo nililala sana. Hata. Nilikuwa nakodolea bati macho nawaza ada, nawaza kodi ya nyumba, nawaza mkopo wa kikundi, mpaka jogoo anawika. Kilichonisaidia kipindi kile ni kumwambia mume wangu deni lote lilivyo, nilikuwa nimemficha sehemu, na siku niliyomwambia ndo siku niliyolala. Kuna mzigo ukiubeba peke yako godoro halisaidii kitu.

Kwa sasa hivi nyumbani tumepanga upya. Chakula cha usiku kinapikwa saa kumi na moja jioni bado kuna mwanga. Kuanzia saa mbili na nusu mtoto ni wa baba yake mpaka saa sita, akiamka anabembelezwa na yeye, mwanzoni mtoto alilia sana, wiki ya pili akazoea. Simu inabaki sebuleni, mnisamehe wanaonitafuta saa nne usiku. Napata masaa sita siku nyingi. Na pale Kibirizi tumewekeana zamu wanawake wanne, dagaa wakishaanikwa mmoja analala nusu saa wengine wanaangalia mawingu na ndege, kesho yake mwingine. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wenyewe wanapumzika maana taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka, zamani hizo siku nilikuwa natafuta biashara nyingine ya kujaza, sasa nazilala.

Na niongeze hili kwa upendo. Kama mtu amepata nafasi ya kulala na bado halali wiki na wiki, au amejifungua halafu analia kila siku, hamtaki mtoto, anawaza kufa kama Eliya alivyowaza, jamani mpelekeni zahanati au hospitali aonane na mtaalamu, tusikimbilie kusema mapepo. Kumwombea tumwombee, ila na kumsindikiza tumsindikize, tukae naye kwenye foleni.

Sasa mnajua kuna mpendwa wetu wa kule mtaa wa Katubuka amejifungua mapacha mwezi uliopita, mume yupo safari na gari la mizigo. Jumapili nilipita kumsalimia nikamkuta amelala kaketi, mmoja ananyonya mwingine analia mkekani. Wiki iliyopita tulienda kumfanyia maombi ya saa zima na tukaondoka, wala hatujamuuliza kama amelala. Wiki hii tusiende kuomba kwa sauti pale. Twende na uji, mmoja achukue mapacha, mwingine afue nepi, mama afungiwe mlango alale, akiamka ale, akitaka kulala tena alale. Jumatatu naenda mimi nikimaliza kuanika, Jumanne na Jumatano wamejitokeza. Alhamisi mchana kuanzia saa nane bado haina mtu, mwenye nafasi anitafute kabla ya kesho jioni.