Mwambie fundi mguu ulisikia nini

Ilikuwa Jumanne alasiri, nateremka kutoka Lushoto na kirikuu yangu, pikapu ndogo ya mizigo. Nyuma kabichi, karoti na matenga mawili ya peasi. Maporomoko ya Soni tulikuwa tumeshayapita. Tangu juu nilikuwa nakanyaga breki, naachia, nakanyaga, kama nilivyozoea miaka yote. Kwenye kona moja inayokunja kushoto, mguu ukazama.

Pedali haikukatika wala haikutoa sauti. Ililainika tu, kama umekanyaga embe lililoiva sana, ikashuka mpaka kwenye kapeti, na gari likaendelea kwenda. Utingo wangu akapiga kelele, "Dada, gia! Gia!" Nikarudisha namba mbili, injini ikalia, nikapampu pedali haraka haraka. Mara ya nne ikashika kidogo. Hendibreki nikaivuta kidogo kidogo huku kidole kikiwa kwenye kitufe, ili magurudumu ya nyuma yasije yakafunga ghafla. Tukajibana upande wa mlima, tukasimama. Harufu ya kuungua ilijaa ndani ya gari mpaka utingo akafungua mlango kabla sijamwambia.

Tukakaa pale kama nusu saa. Niliporudi kwenye usukani na kukanyaga, breki ilikuwa juu, ngumu, nzuri kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Gari linalokataa kisha likajirudi lenyewe, utamweleza nini mtu akuelewe?

Na kweli, nilikuwa nimeshashindwa kueleza. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikwenda mara mbili kwenye gereji moja hapa Tanga mjini. Mara zote mbili nilisema neno moja: breki mbovu. Mara zote mbili nikabadilishiwa pedi za mbele, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, fundi akazungusha gari barabarani, akarudi akaniambia, "Breki zipo, mama." Hakuwa muongo, maana kwenye tambarare zilikuwepo.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa mjomba wangu, Ngamiani, anapofanyia kazi chini ya mti wa mkungu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwambia, "Mjomba, breki mbovu."

Akaweka spana chini. "Mwanangu, wewe unauza samaki. Mteja akija akakwambia samaki wako mbaya, unamjibu nini?"

Nikamwambia namuuliza ameona nini. Macho yameingia ndani? Matamvua yamepauka? Nyama ukiibonyeza hairudi? Au ni harufu?

"Basi na mimi nauliza hivyo hivyo. Mguu ulisikia nini?"

Akaanza kuuliza. Pedali ilizama ghafla au polepole? Ulikuwa umeshakanyaga kwa muda gani? Ulipopampu ilipanda? Usukani ulitetemeka? Gari lilivuta upande? Kulikuwa na harufu? Ilipopoa ikarudi? Nilijibu kila moja, na kabla hajafungua hata nati moja akasema, "Oili yako imechemka."

Naandika haya kwa sababu ya sentensi hiyo. Miezi miwili ya pesa na hofu iliishia kwenye maswali saba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa na majibu yake. Gari linasema na dereva kwanza, na linasemea kwenye mguu. Fundi hayupo Soni mguu unapozama. Ukimletea "breki mbovu" peke yake atafungua kile anachokifungua kila siku, na hicho ni pedi.

Kilichotokea ni hiki. Nguvu ya mguu inasafirishwa na oili ya breki kutoka kwenye masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, mpaka kwenye magurudumu. Oili haibanwi, ndiyo maana ukisukuma huku na kule kunasukumwa. Lakini ina tabia ya kuvuta unyevu, kidogo kidogo, kupitia kwenye mipira na kifuniko. Oili ya DOT 3 (DOT ni daraja la oili ya breki) ikiwa mpya inatakiwa isichemke mpaka ipite nyuzi 205. Ikishakunywa maji kufika asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke hubanwa. Unakanyaga, unabana mvuke, gari linakwenda. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda, ndiyo maana fundi wa tambarare haoni kitu. Oili yangu ilikuwa na rangi ya kahawa. Mjomba akasema rangi peke yake si ushahidi, akachovya kipimo chake kilicho kama kalamu, taa nyekundu ikawaka.

Kijana wangu yuko kidato cha nne, nikampa hesabu. Gari na mzigo na watu, tani moja na robo hivi, linashuka kama mita 1,000 kutoka Lushoto hadi Mombo. Akaja na daftari: joto lote hilo likigeuzwa, linachemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Usipoitumia injini kuzuia gari, karibu ndoo hizo mbili zote unazichemshia kwenye breki zako. Injini ikiwa kwenye gia nzito inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Gia unayoitumia kupanda ndiyo ya kushukia, mjomba alinirudia hilo kama anafundisha mtoto, na nilikubali kufundishwa.

Lakini hakuishia kwenye oili, kwa sababu nilimwambia jambo jingine: hata nikiwa tambarare, nikikanyaga mara moja pedali inakwenda mbali, nikikanyaga ya pili inapanda. Hendibreki nayo nilikuwa naivuta meno mengi kuliko zamani. Akasema hayo ni maneno ya breki za nyuma. Kirikuu ina diski mbele, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, na dramu nyuma, ngoma ya chuma inayosukumwa kwa ndani na viatu. Viatu vya breki ndani ya dramu vikilika, kuna kirekebishaji kinachovisogeza karibu. Alipofungua dramu ya kushoto, kirekebishaji kilikuwa kimeganda, donge la kutu. Silinda ya gurudumu ilikuwa inalowa chini ya raba yake. Breki za nyuma zilikuwa karibu hazifanyi kazi, na za mbele zilikuwa zinateremsha mlima peke yake.

Kutu ile nilipeleka mwenyewe. Kupanda napeleka samaki kutoka Deep Sea, soko la samaki la Tanga, kwenye maboksi ya barafu, na barafu ikiyeyuka maji yale ya chumvi yalikuwa yanapita kwenye tundu la bodi yakidondokea juu ya gurudumu la nyuma kushoto. Safari kwa safari. Mjomba akapitisha kidole kwenye bomba la breki linalokwenda nyuma, akanionyesha: chuma kilikuwa na magamba. Alisema bomba la namna hiyo halitoi taarifa, linapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu. Tukalibadilisha pamoja na silinda zote mbili.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki tulifanya pamoja, mimi kwenye pedali, yeye chini. Alianza gurudumu la nyuma kushoto, kwa sababu gari zetu usukani uko kulia na masta silinda iko kulia, kwa hiyo kona hiyo ndiyo ya mbali kuliko zote. Alichomeka mpira mwembamba wa plastiki kwenye kijinati cha kutolea upepo, ncha ya pili ndani ya chupa yenye oili safi. "Kanyaga. Shikilia." Analegeza, mguu wangu unashuka, oili ya kahawa inatoka na mapovu. "Usiachie!" Anakaza. "Achia." Mara thelathini, labda zaidi. Kila baada ya muda utingo anaangalia kikopo cha juu kisikauke, maana kikikauka kinavuta upepo na kazi inaanza upya. Rangi ikabadilika kutoka kahawa kwenda chai ya rangi, halafu ikawa kama asali nyepesi, na mapovu yakaisha. Pedali nikaihisi inapanda chini ya unyayo wangu, gurudumu baada ya gurudumu.

Pale chini ya mkungu nikaanza kumuuliza yote, na nikaandika.

Pedali laini kama sponji, inayopanda ukipampu, kuna upepo ndani. Pedali inayoshuka polepole wakati umesimama kwenye taa na umeishikilia, na oili haipungui popote, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Oili inapungua kwenye kikopo: ama inavuja, ama pedi zimelika na oili imeshuka kujaza nafasi, kwa hiyo usijaze tu na kuondoka, angalia kwanza pedi.

Pedali ngumu kama jiwe na gari halishiki, hapo busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, haipati msaada wa injini. Kipimo chake hakihitaji fundi: zima gari, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kushikiliwa na mguu, kisha washa. Ikishuka kidogo yenyewe, busta iko hai. Isiposhuka, inatafutwa. Na hapa nasema kwa uchungu na ndugu zangu wanaozima injini mteremkoni kuokoa mafuta. Injini ikizimwa unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo ni nguvu za mguu wako peke yake, na ukiwa umetoa gia injini haikuzuii tena. Hakuna mafuta utakayookoa pale yanayofikia thamani ya kona moja.

Kelele nazo zinatofautiana. Mlio mwembamba wa kupasua sikio mara nyingi ni ulimi mdogo wa bati uliowekwa kwenye pedi makusudi uguse diski pedi zikikaribia kwisha. Huo ni ujumbe, una muda kidogo. Mkwaruzo mzito kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, muda umekwisha, chuma kinakula chuma. Mjomba habakishi pedi yenye unene chini ya milimita 3. Lakini kwa sisi tunaolaza magari karibu na bahari, mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, ukikanyaga mara tatu nne ukapotea, ni kutu ya usiku juu ya diski. Wala usitoe pesa.

Usukani ukitetemeka unapokanyaga, tazama diski za mbele, unene wake hauko sawa mzunguko mzima. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi imelika vibaya au imebandikwa utando wa pedi sehemu moja. Inapimwa, na diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa mwisho, ukipita hapo hakuna kuchonga, ni kununua. Wapo wanaofika chini ya mlima wakamwagia magurudumu maji. Naomba waache, chuma cha moto kikipata maji baridi kinaweza kupinda kweli au kupasuka.

Jirani yangu ana Noah iliyokuwa inavuta kulia kila akikanyaga. Alishafanya alaimenti ya matairi bila faida. Kumbe kushoto kulikuwa kunashika kwa kuchelewa, na kisha hakuachii. Mjomba alinyanyua gurudumu kwa jeki, likagoma kuzunguka, akalegeza kijinati cha upepo, oili ikaruka na gurudumu likawa huru. Maana yake pini za kalipa, kile kibano kinachokandamiza pedi, hazikuganda, ila oili ilikuwa imefungiwa. Mpira wa breki, nje mzima, ndani ulikuwa umevimba na kuziba. Ingekuwa gurudumu halikuachia hata baada ya kulegeza, tungesafisha pini na pistoni.

Kaka yangu yeye alishtuka pedali kumpiga piga mguuni alipofunga ghafla kwenye mchanga. Ile ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, inafanya kazi, endelea kukanyaga.

Kuhusu dukani: nunua oili ya breki kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Iliyobaki tangu mwaka jana ikiwa wazi imeshakunywa hewa ya Tanga, usiitie. Usikubali kuongezewa oili ya injini wala maji ya sabuni, hata kama ni "mpaka tufike tu". Oili ya injini inavimbisha raba zote za mfumo, na utazibadilisha zote. Mimi sasa nabadilisha kila miaka miwili, na tarehe naiandika kwa rangi pembeni ya kikopo. Na mwambie fundi asipulize vumbi la breki kwa kompresa, alioshe kwa maji. Pedi nyingine za bei rahisi bado zina asbestosi, na ni mapafu yake.

Maboksi ya samaki nimeyatengenezea sinia la plastiki lenye mpira unaotoa maji nje kabisa, nyuma ya bampa. Kwenye dashibodi kuna daftari la shule. Kila kitu ambacho mguu unasikia kinaandikwa: tarehe, mahali, mzigo, moto au baridi, ulizama au ulikaza.

Alhamisi iliyopita tuliteremka tena na kabichi. Gia namba mbili kuanzia Soni, breki nakanyaga kwa nguvu mara moja, nikiachia naachia kabisa zipoe. Tulipofika Mombo nikashuka, nikapitisha mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa. Mbele mbili zina joto sawa, nyuma mbili vuguvugu sawa. Utingo akafungua daftari kwenye goti lake, akauliza kama aandike pedali ilikuwa juu. Nikakanyaga mara moja tena, nikamwambia andika.