Tulichokuwa tunanunua ni mfuniko: jinsi nyumba yetu ya Goma ilivyoachana na maji ya chupa

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Goma. Tunaishi Ndosho, watu saba chini ya paa moja: mke wangu, watoto wetu wanne, mama mkwe wangu na mimi. Ninaandika haya kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mzazi mwenzangu kuniuliza tunaishije bila karatoni za maji ya chupa, na pia kwa sababu bado nina uchungu juu ya ushauri niliopewa na watu niliowaheshimu, waliosema kwa uhakika mambo wasiyoyajua, hadi binti yangu wa mwisho akalala kitandani siku nne.

Chupa zilituingia nyumbani mwaka 2021. Mlima Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei, lava ikaharibu tangi kubwa na mabomba yaliyolisha sehemu kubwa ya mji, na sisi tuliokuwa tumekimbilia Sake tulirejea mwezi Juni tukakuta bomba la jirani, tulilolitegemea siku zote, limekauka. Tulianza kununua chupa kwa ajili ya mtoto mchanga peke yake. Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa anakunywa za mtoto. Watu saba hunywa lita kumi na mbili au zaidi kwa siku, na kwa chupa za lita moja na nusu hizo ni chupa nane au tisa kila siku ya Mungu. Siku nilipokaa na kalamu kupiga hesabu, nilikuta tunakaribia kulipa kodi ya nyumba mara mbili: mara moja kwa mwenye nyumba, mara ya pili kwa muuza maji.

Njia ya kwanza tuliyoirudia ilikuwa kuchemsha, na hapo hapo ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja aliniambia kwamba Goma iko juu sana, kwa hiyo maji yetu huchemka kabla hayajaiva na vijidudu hubaki hai. Mwingine akasisitiza kwamba lazima sufuria itokote dakika ishirini. Wote wawili walituchomea makala (makaa ya kupikia) bure. Ni kweli kwamba katika mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 badala ya 100, lakini vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa kabla ya kufikia kiwango hicho. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaani mapovu makubwa yakipanda kutoka chini bila kukoma, dakika moja inatosha, na hata wanaotaka tahadhari zaidi kwa sehemu za milimani, zilizo juu ya mita 2,000, hawadai zaidi ya dakika tatu. Hata hivyo, kuchemsha lita kumi na mbili kila siku kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, kulikula gunia la makala kwa kasi ambayo mke wangu hakuikubali, na alikuwa na haki.

Halafu likaja shauri la maji ya mvua. «Maji ya mbinguni ni safi, mkwe wangu,» mama mkwe alisema, «sisi kijijini tulikunywa hayo hayo tukakua.» Kijiji chake hakiko chini ya volkano. Hapa kwetu mvua hupita katika moshi wa Nyiragongo na huoga majivu yaliyotua juu ya mabati, na moshi huo hubeba floridi. Kiasi kidogo cha floridi hulinda meno, lakini Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wanaokunywa maji yanayouzidi kwa miaka mingi hupata madoa ya kahawia kwenye meno na, ikizidi sana, madhara ya mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua na floridi inabaki. Nilimweleza mama kwa heshima, tukakubaliana kwamba pipa la mvua ni la kufulia na kuosha nyumba.

Mwezi Julai tulijaribu jua. Tulikuwa na chupa tupu nyingi, zile zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini yake, nami nilikumbuka kwamba tangu miaka ya 1980, alipoanza Aftim Acra kule Beirut, wanasayansi wamethibitisha kuwa mwanga wa jua huua vijidudu katika maji angavu. Chupa hulazwa juu ya bati juani kwa muda wa saa sita nzima, au siku mbili mfululizo ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga. Katika kiangazi ilitufaa sana na haikutugharimu hata franka moja. Mnamo Septemba mvua zilirudi, mawingu yakakaa juu ya mji asubuhi hadi jioni, na kila siku tukawa na chupa ambazo hakuna aliyejua kama zimeiva. Sikutaka afya ya watoto itegemee kumbukumbu ya nani aliweka chupa ipi siku gani.

Sasa nifike kwenye kichujio cha mchanga, ambacho nilikijenga kwa mikono yangu na ambacho kuharibika kwake kunaniuma hadi leo. Muundo wake unatokana na kazi ya David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyeubuni kwa matumizi ya nyumbani: chombo kirefu, changarawe chini, mchanga mwembamba juu, na mrija unaotoka chini ukapanda nje hadi kimo kinachouacha mchanga umefunikwa daima na sentimita tano za maji. Hayo maji yaliyosimama ndiyo siri yenyewe, kwani juu ya mchanga huota utando wa viumbe wadogo wanaokula vijidudu vingine, na utando huo huhitaji wiki tatu au nne kukomaa. Mchanga wa ufukweni sikuutaka, kwa kuwa umejaa uchafu wa ziwa. Nilinunua mawe ya volkano yaliyopondwa na kina mama wanaokaa kando ya barabara na nyundo zao, nikapepeta vumbi lake kwa vyandarua vya ukubwa mbalimbali kwa muda wa Jumamosi tatu, nikaosha kila sehemu hadi maji yatoke meupe. Kwa mwezi mzima maji yake tuliyapa nguo na vyombo, tukisubiri utando ukomae. Baada ya hapo maji yalitoka baridi, angavu, yasiyo na harufu, na mke wangu akawa anawaonjesha wageni.

Katika mwezi wa tatu wa kukitumia, mtiririko ulipungua, kama inavyotarajiwa. Kilichotakiwa ni kuyakoroga kwa vidole yale maji ya juu tu, kuyamwaga yaliyochafuka, na kurudia mpaka mtiririko uamke. Mimi nilikuwa safarini kusimamia mitihani. Jirani mmoja, mtu mwema ambaye amewahi kutusaidia katika mengi, alifungua mfuniko, akaona ule utando wa rangi ya udongo, akashtuka. Alimwambia mke wangu: «Mama, mnakunywa maji yaliyopita kwenye ukungu huu? Huo mchanga unanuka ugonjwa.» Wakautoa wote, wakaufua kwa sabuni na javeli (maji ya klorini ya kung'arishia nguo), wakaurudisha mweupe kama chumvi. Niliporudi nilikuta kichujio kinapendeza kuliko siku nilipokijenga, lakini hakikuwa na uhai ndani yake, na familia ilikuwa imeshakunywa kutoka humo siku tano. Siku ya sita binti yangu akaanza kuhara.

Tulimwahi kwa serumu ya kunywa, ile ya lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi alinisikiliza nikimlalamikia jirani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja: «Mwalimu, maji yakishatoka kwenye kichujio chako, mnayachota na nini?» Tulikuwa tunayachota kwa kikombe. Kikombe kilikaa juu ya ndoo, watoto wanne walikitumbukiza kwa vidole vilivyotoka kucheza, na mfuniko wa ndoo ulikuwa sahani. Hata katika miezi ile kichujio kilipokuwa kizima, tulikuwa tunayasafisha maji asubuhi na kuyachafua mchana.

Usiku ule nilielewa tulichokuwa tunakilipia katika chupa. Maji ya dukani yanakufikia yamefungwa, hakuna mkono ulioyagusa tangu kiwandani. Tulikuwa tunanunua mfuniko, na mfuniko ningeweza kuutengeneza mwenyewe.

Nilinunua ndoo mbili za lita ishirini zenye vifuniko vya kubana, mpya, za kuhifadhia chakula. Msidanganyike na ndoo za rangi zinazouzwa sokoni zikiwa zimeoshwa, kwa sababu plastiki hunyonya kilichokuwemo na kukirudisha polepole. Kazi ilikuwa kuweka bombadogo, yaani bomba dogo la kufungulia maji, bila kuvuja. Ndoo ya kwanza niliitoboa kwa kisu, tundu likapasuka pembeni, ndoo ikawa ya kufagilia takataka, nikanunua nyingine badala yake. Kwa ya pili nilitafuta kipande cha bomba la chuma chenye unene uleule wa shina la bombadogo, nikakiweka ndani ya makaa hadi kikawa chekundu, nikakisukuma mara moja bila kukizungusha, na tundu likatoka duara kama lililochorwa kwa bikari. Nilikata pete mbili kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ulionyooka na kuoshwa vizuri, moja ndani na moja nje, nikakaza nati kwa mkono kisha robo ya mzunguko kwa koleo. Miaka imepita, halijadondosha tone. Tundu likae vidole vitatu juu ya kitako cha ndoo, ili mashapo yasitoke na maji. Vyote kwa jumla, pamoja na ndoo niliyoiharibu, havikuzidi tulichokuwa tunatumia kwa chupa katika wiki moja.

Ndani ya ndoo hizo mbili tunatumia klorini. Maji hutoka ziwani kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), nasi huyapitisha kwanza katika kitenge kikuukuu kilichokunjwa hadi kikawa na tabaka nne. Hilo si jambo dogo: utafiti wa Rita Colwell na wenzake nchini Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vimelea hujishikiza kwenye vijidudu vikubwa zaidi ambavyo kitambaa huvinasa, na kitambaa kikuukuu hushinda kipya kwa sababu nyuzi zake zimechakaa na kupunguza matundu yake. Baada ya hapo tunatia kidonge kimoja cha miligramu 67 kwa lita ishirini. Wakati wa kipindupindu, pale ufukweni kunapokuwa na watu wanaotia klorini kwa sindano katika bidoni (madumu ya maji), sisi hatuongezi kidonge chetu juu yake.

Watoto waliyakataa maji hayo kwa sababu ya harufu. Shangazi yao akashauri kukamua malimau ndani ya ndoo pamoja na kidonge, na kweli harufu iliisha papo hapo, ila iliisha kwa sababu vitamini C ya limau huiharibu klorini, ambayo ilikuwa bado haijafanya kazi. Limau liingie katika glasi, wakati wa kunywa, lisiingie kamwe katika ndoo. Dawa tuliyoipata ni kutia kidonge jioni na kunywa asubuhi. Maelekezo ya pakiti husema nusu saa, lakini maji ya juu ya Ziwa Kivu yana alkali nyingi, pH yake iko karibu na 9, na katika maji ya namna hiyo klorini huua kwa unyonge zaidi. Usiku mzima unaipa nafasi ya kutosha na unapunguza harufu. Ndoo mbili zinapokezana: moja inanyweka, nyingine inasubiri. Bado tunachemsha lita mbili kila siku kwa ajili ya yeyote aliye mgonjwa, kwa kuwa viko vimelea vichache ambavyo klorini haiviwezi, na wakati binti yetu alipokuwa mdogo tulimchemshia yeye daima. Lita mbili hazili makala mengi.

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika mjini, umeme na maji vilikatika, na hatukuweza kutoka nje kwa siku kadhaa. Tulikuwa na ndoo zote mbili zimejaa na bidoni tatu zilizokwisha kutiwa dawa. Tuligawana na nyumba mbili za jirani, mojawapo ikiwa ya yule aliyeufua mchanga wangu. Alikuja na bidoni yake ndogo iliyooshwa, akafungua bombadogo mwenyewe, akajaza bila kugusa mdomo wa bidoni. Wiki moja baadaye alirudi kuniomba kile kipande cha chuma, naye amekwisha kununua ndoo.

Kila Jumamosi binti yangu ndiye anayesugua bombadogo kwa mswaki uliochakaa, ndani ya shina, kwa sababu utelezi huanzia hapo na watu wengi huosha ndoo wakalisahau.