Jedwali moja la data, michakato minne

Programu yangu ya Python inaendeshwa na Gunicorn (seva ya wavuti ya Python) kwa michakato minne, yaani nakala nne za programu zinazofanya kazi sambamba, na yote inahitaji jedwali lilelile: funguo milioni 20 na thamani zake, lisilobadilika mpaka toleo jipya litoke. Ukiliweka kwenye kamusi ya kawaida ya Python, kila mchakato unakula zaidi ya GB 1 ya RAM.

Wengi huanza na `--preload` ya Gunicorn: kamusi inapakiwa kwa mchakato mzazi, watoto wanazaliwa nayo, na Linux inawaachia kurasa (vipande vya RAM) zilezile hadi mmoja wao aandike. Tatizo ni kwamba Python huandika hata inaposoma. Kila kitu kimebeba kihesabio cha marejeo, yaani idadi ya sehemu zinazokitumia. Ukikigusa kinabadilika, na ukurasa mzima wa baiti 4,096 unanakiliwa. `gc.freeze()` ya Python 3.7 humzuia mkusanya takataka (anayefuta vitu visivyotumika tena) tu, kihesabio kinaendelea kama kawaida. Basi RAM inapanda taratibu kadiri maombi yanavyoingia.

Data niliitoa kabisa kwenye vitu vya Python. Funguo, zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo, zimo kwenye safu ya numpy (maktaba ya namba ya Python) ya int64, baiti 8 kwa kila namba (MB 160); thamani kwenye int32, baiti 4 (MB 80); kila safu na faili yake ya `.npy`. Kila mchakato unazifungua kwa `np.load(njia, mmap_mode='r')`, inayolisoma faili bila kila mchakato kulinakili, na kernel (kiini cha Linux) inabaki na nakala moja kwa wote. Kutafuta ni `np.searchsorted`, hatua kama 25. Kamusi ina kasi zaidi, ila ombi likishapita mtandaoni hakuna anayeiona tofauti hiyo. Nafasi inayorudishwa lazima uihakiki: ufunguo usipokuwepo unapewa nafasi ya jirani, au namba iliyovuka mwisho wa safu. Na usitafute kwa float (namba ya desimali): numpy itageuza safu nzima kuwa float64, MB 160 mpya kwa kila utafutaji.

Toleo jipya lisiandikwe juu ya faili la zamani. Faili likifupishwa huku mchakato unalisoma, unauawa kwa SIGBUS (ishara ya kernel kwamba sehemu inayosomwa haipo tena) bila hata ujumbe wa kosa wa Python. Kila toleo lina folda yake; kiungo (symlink) cha `sasa`, kinachoelekeza kwenye folda ya toleo linalotumika, kinatengenezwa kwa jina la muda, kisha `os.replace` inakibadilisha kwa mkupuo. Mchakato ukianza, usome kiungo mara moja tu kwa `os.path.realpath`, la sivyo unaweza kuokota funguo mpya na thamani za zamani. Halafu mpe mzazi ishara ya HUP, ili aanzishe watoto wapya.

Kwenye kupima, RSS (kipimo cha kawaida cha RAM ya mchakato) inadanganya: kurasa za pamoja inazihesabu kwa kila mchakato. Angalia `Pss`, inayozigawa kurasa hizo kwa idadi ya wanaozitumia, ndani ya `/proc/PID/smaps_rollup` (PID ni namba ya mchakato).

`/dev/shm` (folda ya Linux inayokaa ndani ya RAM) sikuihitaji, na ndani ya Docker (mfumo wa kuendesha programu kwenye kontena zilizotengwa) ni MB 64 tu usipoongeza `--shm-size`. Kontena mbili zenye volume (folda ya pamoja) moja nazo hugawana kurasa, ila kernel huziweka kwenye hesabu ya RAM ya kontena iliyozigusa kwanza, kwa hiyo kikomo cha RAM kiachie nafasi ya jedwali zima kwenye kila kontena.